Senge Alipoficha Mikono

Kanisani kwetu, nje kidogo ya soko la Kamukuywa, ibada haiishi kwa amina. Baada ya amina ndipo kazi inapoanza. Pasta hutoka kwanza na kusimama nje ya mlango. Anayemfuata humpa mkono, kisha husimama kando yake. Wa tatu huwapa mkono hao wawili, naye hujipanga, na hivyo hivyo mpaka mtu wa mwisho atoke, wakati mstari umeshazunguka kanisa, umepita vyoo na kufika kwenye ua wa michongoma. Ukiondoka hapo umeshika mkono wa kila mtu aliyekuja kuabudu, uwe unampenda au humpendi. Nimesali Kitale miaka mingi, kwenye makanisa ya vipaza sauti vikubwa, ambako ibada ikiisha kila mtu hushika njia yake. Sijawahi kuzoea. Huwa naondoka nikihisi kwamba kuna kitu nimesahau ndani.

Dada mkubwa wa baba yangu, ambaye kwa desturi yetu tunamwita senge, hakuwa akitembea kwenye mstari ule. Haoni tangu akiwa msichana. Kwa hiyo aliwekewa nafasi ya kudumu ubavuni mwa pasta, na watu wote walipita mbele yake. Pasta alisalimia haraka haraka, macho yake yakiwa tayari kwa mtu anayefuata. Senge hakuwa na haraka. Aliushika mkono wako kwa mkono wake wa kulia, akapitisha kidole gumba juu ya vifundo, akashuka kwenye kiganja, kisha akakuita kwa jina lako kabla hujafungua mdomo.

Nyumbani, wakati wa chai, ndipo alipotoa taarifa. Fulani ameacha kulima, mkono umelainika, atakuwa amepata kazi ya kukaa. Mwalimu wa kwaya amerudia chang'aa, vidole vinatetemeka. Bibi harusi wa mwezi uliopita ana joto, mama mkwe amwangalie. Karani mmoja mstaafu wa serikali, mtu mwenye sauti kubwa na suti ya kijivu, alimpa jina la samaki kwa sababu ya jinsi alivyotoa mkono bila kuukaza. Senge ni mbea, nisimpambe. Lakini umbea wake mara nyingi ulimfikisha mtu hospitalini mapema, na wagonjwa wa kijiji waliletewa uji kabla hawajasema wanaumwa.

Mkono wangu aliuita mkono wa chaki. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ndogo ya kibinafsi mjini Kitale, na nilikuwa na kinundu cha kalamu kwenye kidole cha kati. Kila niliporudi Kamukuywa alikitafuta kinundu hicho kwanza, akakibonyeza, akacheka. Nilipotaka kwenda chuo cha ualimu ni yeye aliyeuza ndama wake wa pekee. Alikuwa akiwaambia watu kwamba ndama huyo sasa anafundisha hesabu.

Basi mwaka ule wa korona ukaja. Pale Matisi, mtaa wa Kitale ninapoishi, mjadala ulikuwa mmoja kuanzia alfajiri. Jirani yangu mwenye duka, mama ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, alifunga kamba ya katani mbele ya dirisha lake ili wateja wasimame mbali. Vijana wa bodaboda walimcheka mpaka wakashika matumbo. Walimwambia ni ugonjwa wa watu wa ndege, na tangu Matisi iwe Matisi hakuna ndege iliyowahi kutua hapo. Nami niliwaunga mkono kwa sauti. Mimi ni mtu wa kubisha, nilizaliwa hivyo, na mwanzoni nilikuwa na hakika kabisa kwamba tulikuwa tunatishwa bure.

Jumapili ya kwanza baada ya redio kutangaza kwamba ugonjwa umeingia nchini, nilikuwa nimerudi Kamukuywa. Wazee wa kanisa walikuwa wamejipanga vizuri. Kulikuwa na jerikeni la maji lililotobolewa na kutiwa mfereji, na kipande cha sabuni ndani ya neti ya vitunguu, kikining'inia kwenye msumari. Redio ilikuwa imesema watu wanawe mikono, nasi tulinawa mpaka viwiko. Ibada ilipokwisha, mzee mmoja akabeba jerikeni lile hadi mlangoni ili tunawe tena. Na tuliponawa, tukajipanga kupeana mikono.

Sasa naweza kucheka. Siku ile hakuna aliyeona kichekesho. Mtu alinawa kwa bidii, akajipangusa kwa kitambaa ambacho kila mtu alijipangusia, kisha akaanza kushika mkono wa kila mshiriki. Tulidhani tumeukomesha ugonjwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika sabuni na kuwahimiza watu wasugue katikati ya vidole.

Pasta akatoka, akasimama mahali pake. Senge akaongozwa hadi ubavuni mwake. Pasta alipomgeukia na kumnyoshea mkono, Senge aliingiza mikono yake yote miwili ndani ya leso, akaikunja kifuani.

"Pasta, mimi leo sisalimii," akasema. "Na hii mstari isimame kwanza."

Kwetu mtu akikunyima mkono mbele ya kanisa, mna kesi. Nyuma, waliokuwa bado ndani walisukumana wakiuliza kuna nini. Karani ndiye aliyejibu kwanza.

"Mama, si tumenawa?"

"Mmenawa, nimesikia maji. Baada ya watu wawili hiyo sabuni imeisha kwa mkono."

"Hii ni mambo ya serikali," karani akasema, akiwageukia watu kama aliye barazani. "Mimi nilifanya kazi huko, naijua. Inataka pesa ya wazungu, ndio inatutisha. Hiyo kitu inakaa kwa baridi. Sisi hapa jua inatuchoma, tunakula mrenda, tunalima. Itakaa wapi?"

Mama mmoja wa kwaya akasema ameona kwenye televisheni ya dadake watu wakizikwa na tingatinga huko ng'ambo. Mwingine akasema hata malaria inaua na hakuna siku mstari ulisimama kwa sababu ya malaria. Kijana mmoja akasema limau na tangawizi vinatosha. Pasta alijipangusa jasho kwa kitambaa kile kile cha kunawia. Tulikuwa hapo kwenye nyasi karibu saa nzima, nusu ya kanisa ikiwa upande wa Senge na nusu upande wa karani, na wachache wakihama kila aliposema mtu mpya.

Nami nikasema. Sikusema kwa sababu ya serikali wala limau. Nilikuwa na hasira kwa ajili ya Senge mwenyewe. Nilisema mstari ule kwetu ni salamu tu, lakini kwake ndiyo njia ya kutuona, na kwamba kanisa zima linajua hivyo. Nilisema tukiukata mstari tumemfungia nyumbani, tena kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona. Sauti yangu ilipanda. Nilidhani ninampigania.

"Nani amekutuma?" Senge akaniuliza.

Watu wakacheka.

"Hii mtoto ya kaka yangu anasema kweli kidogo," akaendelea. "Mimi najua nyinyi na mkono. Kila mtu hapa anapita kwa hii mkono yangu, hakuna anabaki. Sasa fikirieni hivi. Kama hiyo ugonjwa haiko, nimekosa salamu, basi. Kama iko, ni mimi nitaitoa kwa mtu mmoja niipee kanisa yote. Kila nyumba. Na sitajua nimepea nani. Nyinyi mnaweza kuona mtu anakohoa mkazunguka mbali. Mimi najua akishanishika."

Nikamuuliza Senge, sasa kwa sauti ndogo, "Lakini utatujua aje?"

"Mtasema majina. Mdomo si mnayo?"

Ndivyo tulivyofanya. Watu walipita hatua tatu mbele yake, mmoja mmoja, wakisema "mulembe", salamu ya kwetu, na kutaja majina yao kama wanaoitwa kwenye rejista, naye akiitikia. Wengine aliwakatiza: "Wewe najua kikohozi yako, pita." Ilichukua muda mrefu, jua likawa kali, lakini sikusikia mtu akilalamika. Wachache tu ndio waliokataa. Karani alisimama kando na kutoa mkono wake kwa yeyote aliyetaka, na mimi, kwa ukaidi na aibu ya kuchekwa, nilikwenda nikaushika kwa nguvu ili watu waone. Nilipomgeukia Senge, uso wake ulikuwa umeelekea kwetu. Sijui alisikia nini. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya leso, na niliona ikisogea chini ya kitambaa, ikishikana yenyewe.

Haikupita muda makanisa yakafungwa, na shule pia. Nilirudi Matisi. Mwenye shule yetu alitwambia tuwe na subira, kisha akaacha kupokea simu. Nikaanza kufanya vibarua vya palizi kwenye mashamba ya mahindi nje ya mji, na msimu ulipofika nikapukuchua. Baadaye nikakodi kipande kidogo nikapanda sukuma wiki. Shule nyingine zilipofunguliwa, yetu haikufunguliwa. Nilipita hapo siku moja nikakuta madarasa yamegeuzwa vyumba vya kupanga, na mpangaji mmoja amefunga kamba ya nguo kwenye mlingoti wa bendera. Nilisimama nikaangalia suruali za watoto zikipeperuka, nikalia, kisha nikaenda zangu shambani.

Senge hakujua. Ana simu ndogo ya vibonye, na kila Jumapili saa ya mstari alinipigia. Aliuliza, "Shule iko aje?" Nikasema iko sawa. Wakati wote zimefungwa nilimwambia tunafundisha kwa simu. Zilipofunguliwa nilimwambia darasa limejaa. Mtihani ulipokuja nikamwambia watoto wangu wamepita, nikamtajia na mmoja aliyeongoza. Uongo unaozungumzwa kwa simu hauchoshi, kwa sababu hakuna anayekutazama. Nilikuwa nikimfikiria yule ndama. Sikuweza kumwambia kwamba ndama sasa analima.

Nilikwenda kumwona, ndiyo. Lakini hakulegeza sheria yake hata kwangu. Kiti changu kilikuwa upande wa pili wa uwanja, karibu na kigingi cha mbuzi, na chake mlangoni. Nilipofika alinitaka niseme jina langu, ingawa alikuwa amenijua tangu langoni. Mboga nilizomletea niliweka juu ya kigoda nikarudi nyuma, ndipo akaja kuzichukua. Wengi pale kijijini walikuwa wameshaacha kujali. Mazishini watu walikumbatiana, sokoni barakoa zilikaa kidevuni, na wapo waliomwambia usoni kwamba anajisumbua. Alijibu kwamba hiyo ni shida yake. Na mimi, niliyekuwa nimepiga kelele mbele ya kanisa zima kwamba mstari usikatwe, nilikuwa nimeketi pale nikishukuru kwamba umekatwa. Siku moja nilijikuta nimeficha mikono nyuma ya mgongo, mbele ya mtu asiyeona. Nilijionea haya kwelikweli.

Mwaka wa pili karani akaugua. Alilazwa Bungoma, akawekwa kwenye oksijeni, na tulipopata habari tulianza kumzungumzia kwa namna ambayo watu humzungumzia marehemu. Aliporudi nyumbani hakuweza kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Senge alipata nambari yake kwa mkewe, akampigia asubuhi iliyofuata.

"Hesabu," akamwambia.

"Nihesabu nini, Mama?"

"Moja, mbili, tatu. Usipumue katikati. Nataka kusikia unafika wapi."

Alifika saba. Kesho yake alimpigia tena, na keshokutwa, kila asubuhi kabla ya chai, kwa miezi. Siku moja karani alirudi nyuma, akaishia tano, na Senge akampigia mkewe papo hapo akamwambia watafute gari, wasingoje. Daktari huko aliwaambia wamefika wakati mzuri. Karani mwenyewe alilieleza kanisa habari hii baadaye, akiwa amesimama kwa fimbo, suti ya kijivu ikimning'inia. Alisema, "Huyu mama alinihesabisha kama mtoto wa nasari." Alitaka watu wacheke, lakini alianza kulia yeye kwanza.

Nilimuuliza Senge kama hakuwahi hata siku moja kumkumbusha yale maneno yake ya jua na mrenda. Alisema alitamani sana.

"Nilingoja afike ishirini kwanza," akasema. "Hiyo siku nilimpea yote."

Wazee wawili wa kanisa walikuwa wamefariki wakati huo, na hakuna aliyejua kwa hakika waliupata wapi ugonjwa. Tulibishana juu ya hilo pia. Lakini hakuna mtu yeyote aliyeweza kusema ulipitia kwenye mkono wa Senge. Nilikuja kuelewa polepole, tena kwa uzito wa kichwa changu, kwamba hilo tu ndilo alilotaka tangu mwanzo. Wengine wetu tulitaka kushinda mjadala. Yeye alikuwa amekubali kukosa watu wake wote kwa jambo ambalo siku ile hakuwa na uhakika nalo zaidi yetu. Simjui mtu mwingine aliyetoa kitu kikubwa hivyo bila kuinua sauti.

Kisha amri zikaondolewa, na pasta akatangaza kwamba Jumapili ijayo mstari utarudi. Mama mmoja wa kwaya alinipigia simu Kitale akipiga vigelegele. Wiki nzima sikulala vizuri. Nilipaka mikono mafuta ya kukamulia ng'ombe asubuhi na jioni. Nilisugua viganja kwa jiwe la kusugulia nyayo. Ukilima kwa jembe miaka miwili, mafuta ya wiki moja hayabadilishi kitu.

Siku yenyewe, baada ya amina, nilifikiria kutokea mlango wa nyuma ambao wanakwaya huutumia. Lakini karani alikuwa nyuma yangu na fimbo yake, watu wamejaa pande zote, na wote walikuwa wakisonga mbele kwa furaha ambayo sijaiona kanisani tangu hapo. Senge alikuwa mahali pake, amevaa gauni jeupe, mikono iko wazi. Kila aliyemshika alimchelewesha zaidi kidogo kuliko zamani. Alikuwa akitaja majina, moja baada ya jingine, bila kukosea, na baadhi ya watu wazima waliondoka hapo wakipangusa macho.

Nikamsalimu pasta. Kisha nikawa mbele yake.

"Mulembe, Senge," nikasema haraka, ili sauti itangulie.

Nikampa mkono. Kidole gumba kilikwenda moja kwa moja kwenye kidole changu cha kati, kikatafuta kinundu cha kalamu. Kilitafuta juu, kikatafuta chini. Kikashuka kwenye kiganja na kupita polepole juu ya sugu, moja moja, mpaka ya mwisho. Tabasamu lake lilikuwa bado usoni, likabaki hapo bila kazi kwa muda, kisha likaondoka.

"Shule ilifungwa lini?" akauliza, kwa sauti ya kunifikia mimi peke yangu.

"Ule mwaka wa kwanza, Senge."

"Na wale watoto wamepita mtihani?"

"Hawakuwako."

Nilitaka kusema mengine, kuhusu ndama, kuhusu aibu. Nilingoja anikemee. Ningefurahi akinikemea. Yeye alirudisha kidole kwenye sugu iliyo chini ya kidole cha shahada, akaibonyeza.

"Unalima ya nani?"

"Ya watu. Na kidogo yangu."

"Mpini ya jembe yako ni fupi," akasema. "Hii imekaa mahali mbaya. Nitakutafutia ingine."

Nyuma yangu karani alikohoa, akagonga fimbo chini.

"Mama, mstari imesimama. Jua inachoma, bana."

Senge hakugeuka. Alileta mkono wake wa pili, akaufunika wangu nao.

"Wewe ngoja," akasema. "Mimi nimengoja miaka mbili."